MATITI YANAPOANZA KUUMA, HESABU IMEANZA

Hotuba ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Ntalikwa

 

 Habari za hisa, mikopo na faida mtazisikia kwa Mweka Hazina, na katika kitabu hiki zimeandikwa ukurasa wake. Mimi kamati imenipa jukumu la kusema juu ya afya, na nimechagua jambo ambalo kinamama tunalisemea kisimani tu, tena kwa kunong'ona. Nalo ni kuumwa matiti mimba inapoanza.

Najua wengine mnacheka. Akina baba kule nyuma naona mnaangalia chini. Chekeni, lakini sikilizeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimesoma darasa la saba, si daktari. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa manesi waliokuja kutufundisha kwenye mikutano yetu ya kila wiki, na mengine nimeyaona kwa macho yangu kwa miaka mingi ya kulea na kusindikiza wazazi.

Mtaniuliza, mama Mwenyekiti, matiti na kuweka na kukopa wapi na wapi? Nitawajibu. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili hivi begani, miezi kadhaa njiani. Na kinamama walikuwamo katika misafara ile, wamebeba vyungu, mikeka na watoto, na wengine walijifungulia njiani. Hakuna mpagazi aliyeondoka bila kujua posho yake itatoka wapi. Mimba nayo ni safari ya miezi tisa. Anayejua mapema kwamba safari imeanza hutafuta posho mapema. Anayejua mwezi wa sita ameshafika katikati ya pori na mfuko mtupu. Sasa, dalili ya kwanza kwamba safari imeanza, kwa wengi wetu, ni matiti.

Kinachotokea mwilini

Mimba ikishatunga, mwili hutoa vichocheo kwa wingi, ambavyo wataalamu wanaviita homoni. Vichocheo hivi huyaambia matiti yaanze kujitayarisha kwa maziwa tangu siku zile za mwanzo, mtoto mwenyewe akiwa bado hajafika hata ukubwa wa punje ya mahindi. Damu nyingi zaidi huenda kwenye matiti, na vile vijifereji vya maziwa huanza kukua. Ndiyo maana matiti hujaa, huwa mazito, na ukiguswa unaruka. Chuchu huchoma, hata gauni likisugua unasikia. Kwa wengi huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, tukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yaani wakati mwingine hata kabla hujajua kwamba siku zako zimekupita.

Baadaye utaona weusi unaozunguka chuchu umezidi na kupanuka. Utaona vipele vidogo kuzunguka chuchu. Usivikamue, vinatoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mishipa ya damu huonekana kifuani. Yote hayo ni kazi ya kawaida ya mwili. Maumivu kwa wengi hupungua baada ya miezi mitatu, ingawa matiti yanaendelea kukua. Na ukiona majimaji ya manjano yanatoka kuanzia mwezi wa nne au wa tano, usishtuke. Hiyo ni dang'a, maziwa ya mwanzo, ambayo mtoto akizaliwa ni chakula na kinga yake. Msiikamue na kuimwaga.

Wapo ambao matiti hayawaumi kabisa na mimba zao ni salama. Kila mwanamke ana mwili wake. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akamwambia mwenzake, "mbona mimi sikuumwa, wewe una lako."

Tusidanganyike

Ndugu zangu, kuumwa matiti peke yake si hakimu. Wengi wetu huumwa siku chache kabla ya hedhi, na hedhi ikifika maumivu yanakwisha. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaweza kuleta maumivu kama hayo. Hakimu ni kipimo cha mkojo. Siku zako zikikupita hata siku moja, kipimo kinaweza kuonyesha. Zahanati kipo, na maduka ya dawa wanauza.

Upande wa pili, kuna dalili nyingine za mwanzo wa mimba ambazo hapa kwetu tunazipachika majina mengine. Mama anachoka, anatapika, kichwa kinamzunguka. Anasema ni malaria. Anapita dukani, ananunua dawa, anameza. Mkoa wetu una malaria kweli. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto wadogo wa Tabora wanaongoza nchini, asilimia 23 walikuwa na vimelea. Lakini malaria ina kipimo chake, na mimba ina kipimo chake. Pima vyote viwili kabla ya kumeza kitu, na mwambie muuza dawa, "huenda nina mimba." Zile dawa za SP tunazopewa kliniki kuzuia malaria hazitolewi miezi mitatu ya mwanzo.

Na wale tunaokwenda vibarua vya tumbaku mnanielewa zaidi. Majani mabichi yakiwa na umande au mvua, sumu yake iitwayo nikotini hupita kwenye ngozi ya mikono. Mtu hutapika, hupata kizunguzungu, jioni hali ugali. Mama mjamzito anasema "ni tumbaku tu," kumbe ni tumbaku na mimba pamoja, na mtoto tumboni anapata sehemu yake ya sumu. Hapo ndipo matiti yanasaidia. Tumbaku haijazi matiti, wala malaria haifanyi chuchu zichome. Ukitapika na matiti yanauma, acha kuchuma majani mabichi, acha kabisa kushika dawa za kunyunyizia, nenda ukapime. Kikundi kiko tayari kumkopesha mama wa namna hiyo mtaji mdogo wa karanga au maandazi, akae nje ya shamba la tumbaku kwa miezi ile. Hilo tulilipitisha kwenye mkutano, na limo katika katiba yetu.

Mama anayenyonyesha, na neno "kubemenda"

Hapa naomba tutulie.

Mama anayenyonyesha mara nyingi hajarudi kwenye siku zake. Kwa hiyo hana hedhi ya kuhesabu. Lakini anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi hata mara moja. Kwake yeye matiti kuuma wakati mtoto ananyonya, maumivu ambayo hayakuwepo juzi, inaweza kuwa ndiyo habari pekee atakayoipata. Na ndiye anayeogopa kuliko wote kuisema, kwa sababu ya neno moja: kubemenda. Watu watasema amembemenda mtoto. Watasema maziwa yake sasa ni sumu.

Katika mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja lilimpata hilo. Yupo hapa leo, ameniruhusu nilisimulie, jina silitaji. Alikuwa na mtoto wa miezi minane. Matiti yakaanza kumuuma, akajua. Akaogopa maneno ya watu. Akapaka shubiri kwenye chuchu akamwachisha mtoto kwa siku moja, akawa anampa uji mweupe wa muhogo asubuhi na jioni. Mimba akaificha chini ya khanga. Mtoto akaanza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu na laini, hacheki, hataki kucheza. Watu wakasema, "si tulisema, amebemendwa." Akapelekwa kwa waganga wa miti shamba. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa. Tulimzika. Mama mwenyewe tukagundua ana mimba ya miezi saba na damu imepungua kiasi kwamba hawezi kusimama. Aliongezewa damu, akapona, akajifungua. Mtoto yule wa pili yuko darasa la kwanza sasa.

Kikundi kilitoa mchango wa sanda na chakula cha msiba kutoka mfuko wa jamii. Fedha ile ile, miezi mitatu nyuma, ingenunua mayai, dagaa na karanga za kuweka kwenye uji wa mtoto, na ingebaki.

Kinamama, maziwa ya mjamzito si sumu. Kilichomuua mtoto yule ni kukosa chakula. Ugonjwa wake ni unyafuzi, ule tunaouita kwashakoo. Na jina hilo lina maana. Daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliliandika mwaka 1935 kama alivyolisikia kwa kinamama wa kabila la Waga. Kwao ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mwingine anakuja. Mnaona? Kinamama wa kule waliona jambo lile lile tunaloliona Ntalikwa.

Basi tufanyeje? Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa na mimba. Maziwa yanaweza kupungua na ladha kubadilika, na chuchu zitauma zaidi, lakini si sumu. Mtoto chini ya miezi sita ndiye wa kuangaliwa sana, nenda naye zahanati upesi mshauriwe. Aliyevuka miezi sita aongezewe chakula: uji wenye karanga zilizosagwa au dagaa, yai, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, maharage yaliyopondwa, maembe wakati wake. Kama umeamua kumwachisha, mwachishe pole pole, kwa wiki na si kwa usiku mmoja. Mama naye ale zaidi, maana analisha watatu. Na kama uliwahi kuharibikiwa mimba au kujifungua kabla ya wakati, au unatokwa damu, muulize nesi kwanza.

Kupunguza maumivu

1. Vaa sidiria pana isiyobana, isiyo na waya. Kama huna, funga khanga ishikilie matiti bila kuyakaba, hasa unapotwanga au kulima.

2. Mbeleko usiifunge juu ya matiti. Ipitishe begani, au mtoto abebwe na dada yake.

3. Kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kinatuliza. Wengine wanapendelea maji ya uvuguvugu. Jaribu upi unakufaa.

4. Ukizidiwa, paracetamol kwa kipimo ulichoelekezwa ni salama. Usimeze diclofenac wala ibuprofen bila kuambiwa na mganga. Miti shamba ya kunywa uiache.

5. Akina baba, hili lenu. Mkeo akisema "usiniguse hapa, panauma," usianze kuuliza ana nani. Ugomvi mwingi wa nyumbani mwezi wa kwanza wa mimba unatokana na hilo. Muulize mkapime lini.

Kliniki mapema

Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika wanawake wanne, karibu mmoja tu ndiye aliyekwenda kliniki kabla ya miezi mitatu ya kwanza kwisha. Watatu walingoja tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka mjamzito aonane na wahudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Kwa nini mapema? Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga. Vidonge vyenye foliki asidi vinazuia watoto wengi wasizaliwe na mgongo wazi, lakini vinafanya kazi hiyo siku zile za mwanzo. Ukija mwezi wa tano vitakusaidia damu. Mgongo wa mtoto ulishamaliza kazi yake zamani. Kwa hiyo anayepanga kuzaa aviombe hata kabla ya kushika mimba.

Kliniki utapimwa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI pamoja na mume wako. Utapimwa presha. Utapewa chandarua. SP utaanza ukishafika mwezi wa nne. Mama aliyegundulika na virusi mapema akatumia dawa vizuri ana nafasi kubwa ya kuzaa mtoto asiye navyo.

Ombi langu ni jepesi. Nyuma ya kitabu chako cha hisa, kila mwezi, andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako. Asiyejua kuandika afunge fundo kwenye uzi. Tarehe hiyo ndiyo nesi atakayokuuliza, na ndiyo itakayokuambia utajifungua lini. Ukishapima na kukuta ni mimba, njoo umwone Mweka Hazina, fungua akiba ya uzazi. Huduma za wajawazito serikalini ni bure kwa sera, lakini kila aliyezaa anajua habari ya pamba, glovu, mpira wa kutandika, khanga za mtoto, nauli, na chakula cha anayekusindikiza. Kidogo kidogo kwa wiki thelathini si mzigo. Kwa wiki nne ni mkopo wa haraka na machozi.

Maumivu ya kukimbilia hospitali

Maumivu ya matiti ya mimba yako pande zote mbili na yanavumilika. Lakini tumbo likikata upande mmoja chini, damu ikatoka, bega likauma au ukazirai, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Usilale nyumbani kungoja kuche. Pigeni 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura, au tafuteni gari lolote, Kitete si mbali. Mfuko wa jamii utafunguliwa hata saa nane ya usiku. Wenye funguo tatu tunajulikana nyumba zetu.

Na tuwe macho na uvimbe. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi inaanza bila maumivu yoyote. Ukikuta kigololo kigumu, ngozi imebonyea kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ghafla, au inatoka damu, usiseme "ni mimba tu, itapita." Mimba haizuii kupimwa. Titi likiwa jekundu na la moto, una homa, nenda siku hiyo hiyo.

Mabinti zetu

La mwisho. Wapo kinamama wanaomwita binti wa shule chumbani na kumminya matiti wapate kujua kama ana mimba. Tuache. Binti anayebalehe matiti yanamuuma kwa sababu yanakua. Utamtia aibu na hujapata jibu. Kaa naye, zungumza naye, ukiwa na shaka mpeleke akapimwe kwa siri. Na ikiwa ni mimba, si mwisho wake. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni. Wa kumrudisha ni wewe na mimi.

Ndugu mgeni rasmi, ndugu wanachama, tumekaa miaka kumi tunafundishana kuhesabu shilingi tangu ya kwanza. Naomba miaka kumi ijayo tuhesabu na siku. Asiwepo mama wa Ntalikwa anayejua ana mimba halafu akaona aibu kuisema mbele ya wenzake.

Haba na haba!

(Wanachama: Hujaza kibaba!)